Nilichoma Kopo la Mtumbwi, Wifi Yangu Akabeba Lawama

Kosa ni langu. Nalisema mapema kabla sijaanza kujitetea, maana najijua. Nikipewa nafasi, najitetea mpaka niliyemkosea ananiomba radhi.

Jina langu liacheni, na majina ya wengine nimeyabadili. Nikilitaja, kuna mwanamke mmoja pale Mkuyuni atasikia habari hii kwa watu kabla hajaisikia kwangu, na nitakuwa nimemkosea mara mbili.

Mimi ni Msukuma wa Mkolani. Kwetu tunajua ng'ombe, mahindi na mawe. Ziwa tuliliangalia kwa mbali, na mama alituonya tangu utotoni kwamba majini hakuna tawi la kushika. Mtu wa ziwa ni Masatu, mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa mchumba. Yeye ni Mjita wa Mara, kazaliwa na kukulia mwaloni, boti za wavuvi zinapofikia. Mwanza alikuja kutafuta maisha akawa fundi wa kupaua nyumba, anatembea juu ya kenchi za paa kama paka.

Safari ilikuwa wazo langu. Niliona video kwenye simu, watu wamepanda mitumbwi midogo, wamebeba hema, wanalala visiwani, asubuhi wanakunywa kahawa wakitazama maji. Nikamsumbua Masatu mpaka basi. Nataka na sisi!

"Kwetu watu wanalala visiwani kwa shida ya dagaa," alinicheka. "Wewe unataka ukalale huko kwa raha?"

Lakini alikubali. Mwanaume aliyependa ni rahisi. Akaazima mtumbwi wa baba yake mdogo kwenye mwalo mmoja ng'ambo ya Nyegezi, tukapanga twende Jumamosi turudi Jumapili.

Mama yake ndiye aliyeweka ngumu. Mahari ilikuwa haijakamilika, akasema hawezi kuruhusu mtoto wa watu alale kisiwani na mwanaume bila mtu mzima. Kwa hiyo akamtuma dada mkubwa wa Masatu, Tabu, aende nasi. Tabu anauza dagaa Mkuyuni, mama wa watoto watatu, mwanamke wa sauti na vicheko. Alikuwa na sifa moja ukoo mzima unaijua: hasahau kitu. Ukimwagiza mambo kumi sokoni, anarudi nayo kumi, tena kwa mpangilio uleule ulivyoyataja.

Mimi nikajua hakuja kulinda heshima tu. Wifi huyu amekuja kunikagua.

Jumamosi ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Masatu alipiga kasia nyuma, mimi katikati na mizigo, Tabu mbele. Mtumbwi ule ulikuwa wa mbao, wa zamani, na maungio yake yamezibwa kwa pamba. Maji yalikuwa yanachungulia kidogo kidogo, na Tabu alikuwa anayachota njia nzima na kumwaga nje, huku anapiga hadithi, wala haangalii mkono unafanya nini.

Alichotea kopo. Kidumu cha njano cha mafuta ya kula, kimekatwa mshazari, mpini wake umebaki wa kushikia. Kimepasuka ukingoni, kimechakaa. Kwetu Mkolani kitu kama kile ni takataka.

Lakini Masatu alinifundisha siku ile ile. Aliniambia mtumbwi bila kopo ni jeneza. Na kuna desturi yao nyumbani: kabla ya kusukuma chombo majini, aliyeko nyuma anauliza, "Kopo?" na aliyekaa katikati analishika mkononi na kujibu, "Lipo!" Hawasukumi bila jibu hilo. Siku ile nilijibu mimi, nikalinyanyua juu, wote tukacheka.

Ndiyo maana siwezi kusema sikujua. Nilijua!

Tulifika kisiwani, mawe matupu na miti michache, hakuna mtu. Tukapiga hema, tukachoma sato, Tabu akaosha vyombo jiweni kwa kuchotea maji kopo lile. Tukalala tumeshiba.

Jumapili tuliamshwa na mvua.

Sijawahi kuona mvua ya namna ile. Ziwa lilipotea. Mji ulipotea. Ukitazama mbele unaona kijivu tu, na maji yanapiga hema kama mtu anayemwaga mchele kwenye bati. Maji yakaanza kupita chini, blanketi zikalowa, Tabu akawa anatetemeka amejikunyata, Masatu akatoka kwenda kuvuta mtumbwi juu zaidi usije ukachukuliwa.

Tabu akasema, kwa utani lakini utani wenye miiba:

"Haya, bibi harusi. Chai iko wapi? Au kwenu mvua ikinyesha watu wanafunga?"

Nikatoka na jiko, nikajibanza chini ya jiwe kubwa lililoning'inia. Mkaa ulikuwa umelowa. Nani aliuacha nje ya hema usiku? Mimi. Njiti za kibiriti nazo zilikuwa zimebaki chache. Nikajaribu majani, nikajaribu kipande cha kanga, moshi mtupu. Machozi yakanitoka, nusu ya moshi na nusu ya aibu.

Nikasikia Tabu akicheka mle hemani, anasema peke yake lakini kwa sauti ya kunifikia, "Mdogo wangu ataoa mtu wa kununua chapati."

Nyie, maneno yale yaliniingia!

Mwanamke yeyote wa uswahilini anajua mkaa uliolowa unawashwa na nini. Plastiki. Ukipata kipande cha ndoo au kidumu, jiko linawaka hata kwenye tope. Nikaangaza macho. Plastiki pekee iliyokuwa karibu ilikuwa ile ya njano, imelala pale jiweni Tabu alipooshea vyombo.

Nilisita. Naapa nilisita. Kisha nikajiambia, nitakata kipande tu cha ukingo, pale palipopasuka.

Nikakata kipande. Kikawaka, kikaisha, mkaa haujashika. Nikakata kingine. Kikadondosha matone ya moto, mkaa ukaanza kuwa mwekundu upande mmoja, sasa ningeachaje? Nikakata kingine. Mpaka nikabaki na mpini mkononi. Mpini nao nikautupa ziwani.

Chai ikapatikana. Ya tangawizi, ya moto. Nikakaanga na mihogo. Masatu akarudi kalowa chapachapa, akashangaa.

"Umewashaje na mvua hii?"

"Mikono ya Kisukuma," nikamjibu. "Usiulize."

Tabu akanywa kikombe cha kwanza. Cha pili akanitazama. Kisha akasema maneno niliyokuwa nayasubiri tangu siku ya posa:

"Wifi, kumbe unaweza. Nitamwambia mama."

Weee! Nilihisi kama nimeshavishwa pete. Nani angefungua mdomo pale na kusema, samahani, hiyo chai mnayokunywa ni kopo la mtumbwi?

Mvua ilinyesha asubuhi nzima na ikaendelea baada ya mchana. Ilipokatika, Masatu alipanda juu ya jiwe akatazama pande zote muda mrefu. Upepo ulikuwa umetulia. Akashuka.

"Kuna nyingine inakuja, lakini iko mbali. Tukitoka sasa tunaiwahi. Hata ikitukuta njiani, mvua si tatizo, unaichota tu."

Unaichota tu!

Kulikuwa na jaketi mbili za kuokolea maisha. Akatuvalisha sisi wanawake, akafunga vishikizo mwenyewe. Tabu akakaa mbele. Mimi katikati. Yeye nyuma, miguu majini, mikono kwenye mtumbwi.

"Kopo?" akauliza.

Nilikuwa na nafasi. Ulimi wangu ulikuwa mdomoni mwangu, hakuna aliyeushika. Nikawaza: nikisema, Tabu atamwambia mama, na mama atasema nini? Nikawaza tena: sufuria lipo, maji yakija nitachotea sufuria. Nikawaza: ziwa limetulia, si mbali.

"Lipo!" nikajibu.

Sikunyanyua mkono. Na yeye, kwa sababu ananiamini, hakutazama. Akasukuma.

Tulikuwa katikati, si kisiwani wala si nchi kavu, mvua iliporudi. Safari hii ilikuja na upepo. Kwanza ziwa likawa jeusi, kisha mawimbi yakaanza kupanda, kisha mvua ikashuka yote kwa pamoja. Maji yalikuwa yanatoka juu, yanatoka pembeni, na yanatoka chini kwenye pamba. Mara nikahisi baridi kwenye vifundo vya miguu.

"Wifi, chota!" Tabu akapiga kelele bila kugeuka.

Nikaanza kuchota kwa viganja.

"Kwa kopo, wifi! Kopo liko wapi?"

"Silioni!"

Mungu wangu. Uso wa Masatu wakati ule! Hakukasirika. Aliogopa. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu wa ziwa akiliogopa ziwa, na pale ndipo na mimi nilipojua kwamba tunaweza kufa.

"Sufuria!" akasema. "Toa sufuria!"

Sufuria lilikuwa ndani ya gunia. Gunia nilikuwa nimelifunga mwenyewe kwa kamba ya manila, fundo juu ya fundo, nikijionyesha kwa wifi jinsi ninavyojua kufunga mizigo. Kamba imelowa, imekaza. Kisu? Kisu kiko ndani ya gunia hilohilo! Nikang'ang'ana na kamba, kucha zikaniinuka, damu ikatoka. Tabu akarudi kwa magoti, mtumbwi ukalala upande, maji yakaingia kama ndoo imemiminwa. Akaliuma gunia kwa meno. Alilichana, akaingiza mkono, kilichokuja kwanza kikawa mfuniko wa sufuria.

Akaanza kuchota kwa mfuniko. Mimi kwa ndala. Maji yako kwenye magoti. Nilikuwa nalia, nasali, namwita mama yangu kwa Kisukuma, na katikati ya yote hayo, aibu yangu niiseme, bado nilikuwa nawaza wasijue.

Ndipo Masatu akaacha kasia.

"Mtumbwi umekuwa mzito," akasema. "Nashuka."

"Usishuke!" Tabu akalia. "Masatu, huna jaketi!"

Akashuka. Taratibu, ili asitupindue. Akabaki ameshika mkia wa mtumbwi, kichwa tu kiko nje, anapiga miguu kutusukuma, na kila wimbi linamfunika. Linamfunika, anaibuka. Linamfunika, simwoni. Namwita. Anaibuka. Kila aliponyamaza, mimi nilikufa.

Sijui ilichukua muda gani. Nilijua tu tulikuwa tunashuka. Ukingo wa mtumbwi na maji ya ziwa vilikuwa karibu kulingana, Tabu akavua kitenge chake kiunoni akasimama kwa magoti anakipunga juu. Ndipo tukasikia injini.

Walikuwa wavuvi, wanakimbia mvua kama sisi. Mungu awabariki popote walipo. Walitusogelea, wakamvuta Tabu, wakanivuta mimi. Wakati wanamgeukia Masatu, wimbi likaja likaubamiza mtumbwi wetu kwenye boti lao. Mguu wake ulikuwa katikati.

Sauti aliyotoa sitaiandika hapa. Bado naisikia.

Mwaloni walimlaza mchangani juu ya matanga. Mguu wa kulia umepinda pasipo na goti. Anatetemeka, midomo imekuwa ya majivu, tunasubiri gari la kumpeleka hospitali. Akafumbua macho akauliza taratibu, si kwa ugomvi, ni kama mtu anayetaka tu kuelewa:

"Kopo lilienda wapi?"

Nilifungua mdomo. Kabla sijatoa neno, Tabu akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Ni mimi! Yesu wangu, ni mimi! Jana niliosha vyombo nalo pale jiweni. Sikulirudisha. Nimelisahau."

"Lakini mwenzako alisema lipo," Masatu akasema.

Wote wawili wakanitazama.

Na mimi, mtoto wa mama yangu, niliyebatizwa na kufundishwa, nikasema: "Niliona kitu cha njano kwenye mizigo, nikadhani ndilo."

Sahani zetu za bati zilikuwa za njano. Ikaaminika. Uongo ulitoka mdomoni laini kabisa.

Hospitalini, mama yao alifika kutoka Mara kwa basi. Nikapiga magoti, "Shikamoo mama." Akaniitikia, "Marahaba mwanangu, pole sana," akanikumbatia. Kisha akamgeukia Tabu mbele ya wagonjwa na manesi.

"Nilikutuma umlinde mdogo wako. Ungeniulia mwanangu kwa kusahau!"

Tabu akainamisha kichwa, mwanamke yule wa sauti. Nami nilikuwa nimesimama pembeni, nimeshika chupa ya uji.

Masatu alipona, lakini anachechemea na paa hapandi tena. Siku hizi anauza mabati kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mteja akija na ramani ya nyumba namwona anavyoitazama, anaikunja, anamwelekeza kwa fundi mwingine. Tulioana. Mama mkwe ananipenda, anasimulia kwa watu jinsi nilivyong'ang'ania kuliita jina la mwanawe kule majini. Nasifiwa! Ukitaka kujua adhabu, sifiwa kwa jambo ulilosababisha.

Lakini aliyeharibika kweli ni Tabu.

Hajiamini tena. Anafunga kufuli la banda lake sokoni, anafika barabarani, anarudi kulitazama. Anarudi tena. Anamwomba jirani aje alivute. Watoto wake anawauliza, nimezima jiko? Wanamwambia umezima mama, na bado anatoka kitandani kwenda kushika jiko kuona kama limepoa. Akiagizwa kitu anasema, mwambieni mwingine, mimi nasahau. Vicheko vimekwisha. Na huyu mtu hakusahau kitu! Kumbukumbu yake ilikuwa nzima, mimi ndiye niliyemwambia ni mbovu.

Wiki iliyopita alikuja kwetu kumwona mtoto. Nimejifungua, ana miezi michache, anafanana na shangazi yake mpaka kidevu. Nilikuwa namwogesha kwenye beseni, simu ikaita ndani. Nikamwambia, "Wifi, nishikie kidogo."

Akarudi nyuma. Mikono akaificha mgongoni, mtu mzima, kama mtoto aliyekatazwa kugusa.

"Usiniachie mtoto na maji, wifi," akasema. "Nitasahau ninachofanya. Nitakuulia."

Simu ikaita mpaka ikakatika. Nilimtoa mtoto majini, nikamfunga taulo. Nikasema moyoni, ni sasa. Sema, mwanamke, sema!

"Wifi," nikaanza. "Hukusahau."

"Nini?"

Akanitazama. Macho yale! Yalikuwa yanasubiri, kama mgonjwa anayemtazama daktari aliyeshika majibu. Wakati huohuo nikasikia hatua za Masatu mlangoni, ule mguu unaoburuzwa. Nikaona yote kwa mara moja: ndoa yangu, mama mkwe, mtoto, watu wa kanisani. Niliogopa kuliko hata siku ile ziwani.

"Sabuni," nikasema. "Ile sabuni ya mtoto niliyokuomba juzi. Hukusahau kuleta."

Akatabasamu. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilimwona Tabu akitabasamu.

"Kweli? Ni kweli, eh! Sikusahau," akasema, akaigusa ile sabuni pale kwenye kiti. "Asante wifi. Angalau hicho."

Nikaingia ndani nikajifungia, nikaziba mdomo kwa taulo la mtoto.

Wewe unayesoma, sikufundishi mambo ya mitumbwi, hayo waulize wenye ziwa. Nakuonya hili: ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama watakutukana, hata kama posa itarudishwa. Ukinyamaza, usijidanganye kwamba kosa limelala. Litamtafuta mtu mwenye moyo safi, ambaye yuko tayari kujilaumu kabla ya kumlaumu mwenzake, na litamla yeye badala yako. Nawe utakuwa hapohapo, unakula naye, unamwita wifi.

Mimi bado sijamwambia. Naogopa. Nimekwenda Mkuyuni nikasimama mbele ya meza yake, nikanunua dagaa, nikarudi nyumbani. Kesho naenda tena, na kama huna la kuniombea, niombee nisinunue kitu.